UZI: Handaki la majitaka ndani ya mwamba: jiwe gumu tunalimudu, maji ndiyo yanayotushinda

Mchoronga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mjadala wa mahandaki ukianza humu, swali la kwanza huwa ni namna jiwe gumu kama itale linavyokatwa. Ni swali zuri na nitaligusa. Lakini baada ya kuchoronga miamba kwa miaka mingi kwa ajili ya kazi hizi, ninaamini kwa dhati kwamba ugumu wa jiwe ni sehemu ya kazi tunayoimudu. Kinachosimamisha mradi, kinachovunja mikataba na kinachozamisha majengo ya watu walio mita mia juu ya handaki ni maji yaliyojificha kwenye nyufa za mwamba. Na hela ya kupambana na maji hayo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Tuanze na kwa nini majitaka yapelekwe chini kiasi hicho. Majitaka husafiri kwa mteremko. Bomba la kawaida likishuka mpaka kina ambacho mtaro hauchimbiki tena, inabidi ijengwe stesheni ya pampu, maji yainuliwe, safari ianze upya. Mji mkubwa hujikuta na stesheni nyingi za namna hiyo, na kila moja ni mahali ambapo umeme ukikatika uchafu unafurika. Handaki la kina linaondoa mlolongo huo. Maji yanashuka kwenye shafti (kisima kirefu cha wima), yanatiririka yenyewe mpaka kwenye mtambo wa kuyasafisha, yanapandishwa mara moja tu, mwishoni. Singapore walifanya hivyo: awamu ya kwanza ya handaki lao, kilomita 48 kutoka Kranji hadi Changi, ilikamilika mwaka 2008.

Chicago walikuwa na sababu nyingine. Mabomba yao ya zamani yanabeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha yanazidiwa, na uchafu unamwagika mtoni na hata kuelekea Ziwa Michigan. Mwaka 1975 wakaanza kuchimba kwenye mwamba wa chokaa aina ya dolomiti ulio chini ya mji. Mahandaki yenyewe, kama kilomita 176, yalikamilika mwaka 2006. Mengine yana kipenyo cha mita 10. Maji ya mvua na majitaka yanasubiri humo na kwenye mabwawa yaliyounganishwa nayo, kisha yanapampiwa taratibu kwenda kusafishwa.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Handaki la barabara ukikutana na mwamba mbovu unaweza kupandisha au kushusha njia kidogo ukaukwepa. La majitaka haliruhusu. Mteremko umeshapangwa: maji yasiende polepole kuliko takriban sentimita 60 kwa sekunde, la sivyo mchanga na tope vitatuama. Ukiweka mteremko wa mita moja kwa kila kilomita, handaki la kilomita 15 linashuka mita 15, na kila nukta ya njia ina kimo chake kisichobadilika. Huwezi kupanda. Ukishuka, mtambo wa mwisho nao lazima ushuke. Kwa hiyo chochote kilichopo kwenye mstari huo, uwe mpasuko uliojaa udongo wa mfinyanzi au mwamba uliosagika, utapita katikati yake.

Ndiyo maana uchorongaji wa awali ni uhai wa mradi. Tunachukua sampuli ndefu za mwamba kwenye masanduku, tunapima vipande vizima ni asilimia ngapi ya urefu wote. Kipimo hicho kinaitwa RQD, alikiasisi Don Deere miaka ya 1960, na mpaka leo kinatumika kwa sababu ni rahisi. Lakini kama ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu kwa handaki la majitaka, ningechagua cha Maurice Lugeon, mwanajiolojia wa Uswisi, cha mwaka 1933. Unaziba kipande cha shimo kwa vizibo, unasukuma maji kwa shinikizo la bari 10, unahesabu lita zinazopotelea kwenye mwamba. Lita moja kwa dakika kwa kila mita ya shimo ni lugeoni moja. Mwamba mzuri hunywa chini ya hapo. Ukiona makumi, ujue kuna njia ya maji, na ukichimba bila kujiandaa itakuja kwako.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

---

Mlipuaji

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi ni mtu wa baruti, kwa hiyo nieleze upande huo kidogo, maana kila mtu siku hizi anataka mashine.

Kwenye kulipua tunachoronga matundu kwenye uso wa mwamba, urefu wa mita tatu au nne hivi. Katikati tunaacha matundu makubwa machache BILA baruti. Hayo ndiyo siri ya kazi, kwa sababu mwamba ukilipuliwa unahitaji nafasi ya kuangukia. Matundu yanayoyazunguka yanalipuka kwanza, yanafungua tundu kubwa zaidi, halafu pete inayofuata, kisha inayofuata, yote kwa kuchelewesha fataki (viwashio vya baruti) kwa sehemu ndogo za sekunde. Pete ya mwisho inawekwa baruti hafifu ili ukuta usipasuke zaidi ya mstari. Kisha tunapitisha hewa, tunakwangua mawe yaliyolegea juu, kifusi kinatolewa, bolti zinapigwa, zege linanyunyizwa, mzunguko unaanza tena.

Ukikuta mwamba mbovu unafupisha mlipuko. Mita moja badala ya nne. Mashine ya kuchimba itafupisha nini?

---

Mchoronga

@Mlipuaji umegusa penyewe, ila tuitendee haki TBM, yaani hiyo mashine ya kuchimba handaki. Kwenye mwamba mmoja mzima wa kilomita nyingi haina mpinzani. Kichwa chake kina magurudumu ya chuma ya kipenyo cha sentimita 43 au zaidi, kila moja linakandamiza mwamba kwa uzito wa tani 25 hivi. Halikati jiwe. Linalisagisha chini ya ukingo wake mpaka nyufa za mistari miwili jirani zikutane na kibanzi kibanduke. Kwenye jiwe zuri mita 20 au 30 kwa siku si ajabu. Halafu ukuta unaobaki ni laini, jambo kubwa kwa majitaka, kwa sababu ukuta wa baruti una mashimo na vinundu vinavyopunguza kasi ya maji hadi uje kuvifunika kwa zege.

Tatizo la TBM ni mwamba unaobadilika. Nusu ya uso jiwe, nusu udongo: magurudumu yanagonga badala ya kuviringika, yanavunjika, kichwa kinaelemea upande laini. Mexico walikutana na mambo ya aina hiyo kwenye handaki lao la mashariki, kilomita 62, kipenyo cha mita 7, sehemu nyingine likifika kina cha mita 150. Lilianza 2008, likazinduliwa Desemba 2019. Njia moja ilipita kwenye tope laini la ziwa la kale na pia kwenye miamba ya volkano.

Na kwa maji, TBM ina udhaifu ambao watu hawausemi: kichwa chake kimeziba uso wote. Ukitaka kuchoronga mbele kupima maji, unapitisha matundu machache kwa pembe, pembezoni. Kwenye kulipua uso wote uko wazi mbele yako, unachoronga utakapo.

---

Mkazi wa Juu

Samahani wakuu, mimi si mtaalamu. Ninyi mnazungumza chini, sisi tunaishi juu. Handaki likipita mita 100 chini ya nyumba, kuna la kuogopa kweli? Nilidhani hatari ni mtikisiko wa baruti.

---

Mchoronga

Swali lako dada/kaka ndilo kiini cha uzi huu, niruhusu nijibu kwa urefu.

Mtikisiko unapimwa kila mlipuko, kwa milimita kwa sekunde, kwa vifaa vilivyofungwa kwenye majengo. Ukizidi kikomo, baruti inayolipuka kwa mkupuo mmoja inapunguzwa. Ni jambo linaloonekana na linalodhibitika. Maji hayaonekani.

Fikiria mwamba wenye nyufa, juu yake tabaka la udongo laini uliojaa maji, juu yake nyumba. Maji yaliyomo kwenye udongo yanabeba sehemu ya uzito, kama hewa inavyobeba gari ndani ya tairi. Handaki likipasua ufa mmoja mkubwa, mwamba unakuwa mfereji wa kunyonya. Udongo unapoteza maji, unajikandamiza, ardhi inashuka. Umbali wa mita 100 haukukingi, kwa sababu ufa unaweza kuwa mrefu kuliko hapo, na kushuka kunaweza kutokea mamia ya mita pembeni ya mstari wa handaki.

Hong Kong ndiyo funzo ninalolirudia kwa kila mhandisi kijana. Hatua ya kwanza ya mradi wao wa kusafisha maji ya bandari ilikuwa kilomita 23.6 za mahandaki ndani ya itale na miamba ya volkano, chini sana ya usawa wa bahari. Mashine zilikutana na maji mengi kuliko ilivyotarajiwa. Kazi ya mkandarasi wa kwanza ilikwama mwaka 1996, ikabidi mikataba itolewe upya, na mfumo ukaanza kutumika mwishoni mwa 2001. Na kule Tseung Kwan O, eneo lililojengwa juu ya bahari iliyofukiwa, ardhi ilishuka kuliko kawaida. Uchunguzi uliihusisha na maji yaliyokuwa yakivuja kuingia kwenye handaki.

Walipokuja hatua iliyofuata, kama kilomita 21 nyingine, kina cha mpaka mita 160 hivi chini ya usawa wa bahari, hawakurudia njia ile. Walichagua kuchoronga na kulipua, wakipima na kuziba maji mbele ya uso kabla ya kusogea. Ilikamilika 2015. @Mlipuaji hapo una haki ya kutembea kifua mbele.

---

Binti Mhandisi

Kaka Mchoronga, tufafanulie hiyo "kuziba mbele". Ofisini inaandikwa mstari mmoja tu kwenye ratiba, na kila kikao mtu anauliza kama inaweza kufupishwa.

---

Mchoronga

Mwambie huyo mtu aje akae mbele ya uso wa mwamba siku maji yanapofunguka.

Inafanyika hivi. Kabla ya kulipua unachoronga matundu ya uchunguzi, mita 20 mpaka 30 mbele. Unapima lita kwa dakika zinazotoka. Zikiwa chini ya kikomo cha mkataba, unaendelea. Zikizidi, unasimama. Unachoronga pete nzima ya matundu yanayotawanyika kidogo kwa nje ya mzingo wa handaki, unafunga vizibo, unasukuma uji wa saruji kwa shinikizo linaloshinda la maji. Kwenye nyufa nyembamba saruji ya kawaida haipenyi, chembe zake ni kubwa, kwa hiyo inatumika iliyosagwa laini zaidi. Unasubiri igande. Kisha, na hapa ndipo wenye haraka wanaporuka, unachoronga matundu mengine ya KUHAKIKI katikati ya yale ya kwanza. Yakitoa maji, unarudia. Yakiwa makavu, unachimba, lakini huchimbi mpaka mwisho wa eneo lililozibwa. Unaacha mita kadhaa za mwamba uliozibwa kama kizuizi cha duru inayofuata.

Ukingoja maji yaingie ndipo uzibe, uji wa saruji unasombwa kabla haujaganda. Utatumia saruji mara nyingi zaidi, na kemikali za kuganda haraka, na bado maji yatahama mita tano upande mwingine yakatokea hapo. Nimeona hilo mara nyingi mno.

Hesabu ya kupeleka kikaoni: mita 100 chini ya usawa wa maji ya ardhini, shinikizo ni kama bari 10. Tuseme kikomo ni lita 10 kwa dakika kwa kila mita 100 za handaki, kinachosikika kidogo. Kwenye kilomita 10 ni lita 1,000 kwa dakika, yaani mita za ujazo 1,440 kwa siku. Maji safi kabisa ya ardhini, yanaingia kwenye majitaka, yanapandishwa kwa umeme, yanasafishwa kwa gharama, kila siku kwa uhai wote wa handaki. Atakayefupisha kuziba leo atakuwa ameulipisha mtambo kwa miaka 100.

---

Fundi Shafti

Mkuu kuna kitu umekiacha. Maji ya nje si adui wakati wote. Kwenye mahandaki ya kuhifadhi mafuriko, yakijaa mpaka shafti zinapanda maji, shinikizo la ndani linaweza kuzidi la nje. Hapo majitaka ndiyo yanatoka kwenda kwenye maji ya ardhini wanayokunywa watu.

---

Mchoronga

Kweli kabisa, na nashukuru umelileta. Ndiyo maana handaki linawekwa chini ya usawa wa maji ya ardhini: uvujaji ukiwepo uwe wa kuingia, si wa kutoka. Chicago wana visima vya uchunguzi kando ya njia kuangalia hilo. Kwa hiyo lengo la kuziba si kukausha mwamba. Ni kuhakikisha maji yanabaki huko juu yakisukuma kwa ndani, huku kinachopita kikiwa kidogo mno. Ukiukausha mwamba umepoteza vyote viwili, umeshusha ardhi ya majirani na umeondoa kizuizi cha uchafu.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa shafti, tuelezee maji yanavyoshushwa. Watu wanadhani yanaachiwa tu.

---

Fundi Shafti

Yakiachiwa mita 100 yangefika chini kwa kasi ya zaidi ya mita 40 kwa sekunde, yatoboe sakafu. Na yangeburuta hewa nyingi ndani ya handaki. Hewa iliyonaswa kwenye handaki lililojaa hutafuta njia ya kutokea, na ikifika shafti inarusha maji juu kwa nguvu ya kung'oa vifuniko.

Kwa hiyo maji yanaingizwa kwa pembeni ili yazunguke yakiambaa na ukuta, katikati pakibaki uwazi wa hewa. Msuguano wa ukuta unakula nguvu njiani. Chini kuna chumba kipana cha kutenganisha hewa na maji, na hewa inarudishwa juu kwa njia yake. Kwenye kuchimba, shafti nyembamba hizi zikiwa na handaki tayari chini yake tunatoboa tundu dogo kutoka juu mpaka chini, tunafunga kichwa kipana huku chini, kisha tunakivuta kupanda juu kikitanua tundu. Kifusi kinaanguka chenyewe. Hakuna mtu anayesimama ndani ya tundu, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

---

Binti Mhandisi

Nami niongeze kuhusu bitana ya ndani, yaani tabaka linalofunika ukuta wa handaki, maana mwamba imara unawatia watu kishawishi cha kusema "acheni tu ulivyo".

Kwenye utando wa uchafu ulio chini ya maji kuna bakteria wanaogeuza salfeti kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni. Gesi inapanda, inatua kwenye unyevu wa paa la handaki, na huko bakteria wa aina nyingine wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Zege linageuka kuwa kitu laini cha kukwanguliwa kwa mkono. Uharibifu hauko pale maji yanapopita, uko JUU, ambako hakuna anayeangalia. Singapore waliweka ndani ya zege lao karatasi nene ya plastiki ya HDPE. Ni lazima iungwe kwa joto kila kiungo na ikaguliwe, kwa sababu tundu dogo linatosha kupitisha asidi nyuma yake. Na shinikizo la maji ya nje likifika nyuma ya plastiki hiyo linaibandua. Kwa hiyo kaka, tunarudi kwako tena: maji yasipozibwa kwenye mwamba, hata bitana haitadumu.

---

Zamu ya Usiku

Wakuu mmeeleza vizuri mwamba na maji. Naomba tuwazungumze wanaoingia.

Hiyo gesi aliyoitaja dada inanuka yai bovu ikiwa kidogo sana. Ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, huisikii tena. Ikipanda mamia inaua. Kwa hiyo anayesema "harufu imeisha, tuingie" anaweza kuwa anakwenda kufa. Kipima gesi, hewa ya kusukumwa, mtu wa juu asiyeondoka. Hayo hayajadiliwi.

Na kuna Boston. Handaki lao la kupeleka maji yaliyosafishwa baharini, zaidi ya kilomita 15 ndani ya mwamba, lina mabomba wima 55 mwishoni ya kutawanyia maji. Mabomba yalikuwa na vizibo vya usalama ili bahari isiingie wakati wachimbaji wako ndani. Mitambo ya hewa, umeme na usafiri ikaondolewa kabla ya vizibo kutolewa. Julai 1999 wapiga mbizi wakapelekwa kwenye handaki lenye hewa isiyovutika, wakitegemea mfumo wa kuchanganya gesi uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Wawili wakafa. Handaki likafunguliwa Septemba 2000, baada ya vizibo kutolewa kwa njia nyingine, hewa ikivutwa ndani ya handaki.

Hawakuuawa na jiwe wala maji. Waliuawa na mpangilio wa kazi: nani anaondoa nini kwanza. Hilo lilipaswa kukaa kwenye michoro miaka kumi kabla.

---

Mchoronga

@Zamu ya Usiku ahsante sana. Nakubaliana na kila neno. Kila kizuizi cha muda kinachowekwa kwenye mchoro kiandikwe palepale kitatolewaje, na nani, akivuta hewa gani.

---

Mkazi wa Juu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Likishaanza kutumika, nani anajua kama linavuja au paa linaliwa, na majitaka hayasimami hata siku moja?

---

Mchoronga

Hapo ndipo mahandaki mengi ya zamani yana shida: kila moja lilijengwa peke yake, bila njia ya kulifunga. Yanakaguliwa kwa kamera zinazoelea saa za usiku maji yanapopungua, na chini ya maji wanatumia vifaa vya sauti.

Kwa linalojengwa sasa, dai mambo haya yawemo tangu mwanzo. Milango kwenye shafti kuu inayoweza kutenga kipande kimoja huku maji yakipitishwa kwingine. Singapore waliiweka kwenye awamu yao ya pili, pamoja na nyaya za nuru za kuhisi hali ya handaki kwa mbali. Visima vya kupimia usawa wa maji ya ardhini kando ya njia, viendelee kusomwa baada ya mkandarasi kuondoka. Na kwenu mnaoishi juu, alama za kupimia kimo cha ardhi kwenye majengo ZIPIMWE KABLA ya mlipuko wa kwanza, angalau msimu mzima wa mvua na wa kiangazi, kwa sababu udongo hupanda na kushuka wenyewe kidogo. Bila vipimo hivyo, siku nyumba ikipasuka mtabaki mnabishana na mkandarasi hakuna mwenye ushahidi. Kama kuna handaki linapangwa chini yenu, ulizeni kwanza vipimo hivyo vimeanza lini na nakala iko wapi.

Kesho nikipata nafasi nitaweka namna ya kusoma sampuli za mwamba kwenye sanduku, @Binti Mhandisi aliniomba pembeni.